Moshi haujui geti: maswali yenu kuhusu vyama vya wafanyakazi

Mwezi huu meseji zimekuja nyingi sana na karibu zote zinahusu kazi, viwanda na vyama vya wafanyakazi. Nimechukua tano tu. Ya kwanza nimeijibu kwa kirefu kuliko zote maana imenikosesha usingizi. Majina ya wote nimeyaficha kama kawaida. Kwa mliojiunga karibuni, mi nilifanya kazi kiwanda cha nguo miaka 19, na kati ya hiyo 11 nilikuwa katibu wa tawi la chama, kwa hiyo ninayoyasema mengi nimeyapitia kwa miguu yangu.

Shikamoo mama. Nafanya kazi kiwanda cha kuyeyusha betri za magari zilizokufa, huku mkoa wa Pwani. Nimepanga chumba dakika kumi kwa mguu toka kiwandani. Usiku wakiwasha tanuru moshi unashuka mpaka kwenye nyumba zetu, watoto wanakohoa, kuku wanakufa, majirani wameanza kusema wataziba barabara mpaka kiwanda kifungwe. Kazini supavaiza anatuambia hao majirani ndo maadui wa ugali wetu. Tawi la chama lipo, ila viongozi wanasema moshi ni kazi ya serikali ya mtaa, wao kazi yao mishahara. Nina mtoto wa miezi saba nanyonyesha. Nisimame upande gani? — Mama Mdogo, Pwani

Marahaba mwanangu. Kabla ya chama tuongee huyo mtoto kwanza, maana yeye hawezi kusubiri kikao. Ndani ya betri za magari kuna madini ya risasi, na vumbi lake halibaki kiwandani, linakaa kwenye nguo, kwenye nywele, kwenye viatu, unafika nalo nyumbani unambeba mtoto nalo, na pia linapita kwenye maziwa ya mama. Shirika la Afya Duniani limeshasema hakuna kiwango cha risasi kwenye damu ya mtoto kinachojulikana kuwa salama. Kwa hiyo wiki hii hii nenda hospitali ya wilaya au ya mkoa, mwambie daktari waziwazi unafanya kazi kwenye betri na unanyonyesha, omba wewe na mtoto mpimwe risasi kwenye damu. Usimwachishe ziwa kwa hofu tu, subiri majibu halafu daktari akuongoze. Nguo za kazi zisiingie chumbani, zifue peke yake kwenye beseni lake, oga kabla hujamshika mtoto, na usile chochote ndani ya kiwanda kabla hujanawa kwa sabuni. Maski, glovu na buti mwajiri anatakiwa akupe bure, na kuwapima afya wafanyakazi wa kazi kama hiyo mara kwa mara ni wajibu wake, iko kwenye Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003, wala asikwambie ni hisani.

Sasa nikupe habari ya Mombasa, Owino Uhuru, pale Mikindani. Palikuwa na kiwanda kama hicho cha kwenu, cha betri chakavu, kimepakana na nyumba za watu kama elfu tatu. Mwaka 2009 dada mmoja anaitwa Phyllis Omido aliajiriwa pale, kazi yake ikiwa ni mahusiano na jamii inayozunguka kiwanda, yaani yeye ndo awatulize majirani. Haukupita muda mtoto wake mchanga akaugua, madaktari wakahangaika malaria sio, taifodi sio, mwisho wakapima risasi wakaikuta, na ilikuwa imempata kwa maziwa yake mwenyewe. Akaacha kazi, akaanza kupita nyumba kwa nyumba akiwaomba watu wapime watoto wao. Alikamatwa, alishtakiwa, akashinda kesi, kiwanda kikafungwa 2014. Mwaka 2020 mahakama ya mazingira ya Mombasa ikaamuru wakazi walipwe fidia ya shilingi za Kenya bilioni 1.3, 2023 Mahakama ya Rufaa ikaifuta hiyo hukumu, Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha. Hesabu mwenyewe, toka 2009 mpaka 2024, watoto waliokuwa wanatambaa sasa wako sekondari.

Mi kila nikiikumbuka habari hii najiuliza kitu kimoja. Waliokuwa wanafanya kazi mle ndani wengi walikuwa wakazi wa hapo hapo, wanavuta moshi huo huo mara mbili, mchana kwenye tanuru na usiku kitandani. Ingekuwaje kama toka mwaka wa kwanza wafanyakazi wenyewe, wanaojua kinachoingia kwenye tanuru na kinachotoka, wangekaa na majirani wakaongea kitu kimoja? Jirani anauona moshi tu. Mfanyakazi anajua chujio la bomba limekufa toka Machi, anajua maji machafu yanamwagwa saa ngapi na nani anatoa oda. Mwanangu, hiyo ndo nguvu mliyonayo nyie na hakuna mwingine anayo.

Kwa hiyo swali lako la upande gani, mi nakujibu hakuna pande mbili hapo. Wewe ndo mfanyakazi na wewe ndo jirani. Supavaiza anawatenganisha kwa sababu anajua mkikaa pamoja menejimenti itabidi itie hela kwenye chujio.

Nilishaliona hili. Kiwandani kwetu tulikuwa na idara ya rangi, na maji ya rangi yalikuwa yanatoka kwa mtaro mpaka kwenye kijito ambacho wamama wa mtaa wa chini walikuwa wanafulia na kumwagilia mchicha. Siku ya rangi nyekundu kijito chekundu, siku ya bluu kijito bluu. Sisi tawi tulikuwa tumenyamaza kabisa, na tulijiambia maneno yale yale ya viongozi wako, kwamba sisi ni watu wa mishahara. Mpaka siku moja basi la shifti ya usiku likapigwa mawe pale chini, dada mmoja wa idara yangu akapasuka jicho. Aliyepigwa alikuwa amepanga nyumba ya tatu toka kwa aliyerusha jiwe. Nililia sana siku ile, na nilijua ni kosa letu sisi tawi.

Wiki iliyofuata tukaenda kwenye mkutano wa mtaa, wanachama kama arobaini tukiwa na sare za kazi, tukakaa chini na watu kwenye nyasi. Tukasema sisi ndo tunaoendesha zile mashine na haya ndo tunayoyajua. Mwanzoni walitutukana na tulistahili, halafu mzee mmoja akasema waacheni waongee, na kuanzia hapo mambo yakaenda. Tukaunda kamati, watu watano wa tawi, watano wa mtaa na diwani, tukaandika barua moja yenye saini za pande zote mbili, tukadai vitu vitatu tu: mabwawa ya kutulizia maji kabla hayajatoka, glovu ndefu na buti kwa watu wa rangi, na asifukuzwe mtu kwa ajili ya barua hii. Menejimenti ilikuwa imezoea kuwaambia majirani 'tutawafukuza watu kazi mkisumbua' na kuwaambia wafanyakazi 'majirani watatufungia', sasa walipokuta wote wako meza moja maneno yakawaishia. Ilichukua karibu mwaka, ila mabwawa yalichimbwa.

Nyie anzeni hivi. Usiende peke yako kwa viongozi wa tawi, nenda na wenzako kumi wanaokaa karibu na kiwanda, mwombe mkutano wa wanachama wenye ajenda moja, afya. Kiongozi akisema moshi sio kazi ya chama mwambie mapafu ya mwanachama ni kazi ya chama, na akikataa kuitisha mkutano soma katiba ya chama chenu uone wanachama wangapi wakiomba lazima uitishwe. Andikeni tarehe na saa kila moshi unaposhuka, mtu mmoja ndani na mtu mmoja nje, hayo madaftari mawili yakilingana ni ushahidi mzito. Barua ipelekwe OSHA, yaani Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi, kwa upande wa wafanyakazi na kwa maafisa wa mazingira kwa upande wa mtaa, siku moja, zikiwa na maneno yanayofanana. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inasema kila mtu anayeishi Tanzania ana haki ya mazingira safi, salama na yenye afya, na hiyo haki haivuliwi getini ukienda kuingia shifti.

Na hao wanaotaka kuziba barabara, nenda kaongee nao wewe mwenyewe, leo, kabla mtu hajaumia.

Mama habari za kazi. Sisi ni vijana kama 70 tunapakia kwenye kiwanda cha maji ya chupa Arusha, wote deiwaka, wengine mwaka wa tatu sasa. Tunataka chama lakini kila tukigusia watu wanaogopa, na juzi mmoja aliyeongea sana kwenye grupu la WhatsApp hakuitwa tena kazini. Kwani deiwaka anaruhusiwa chama? Tuanzie wapi? — Mpakiaji, Arusha

Nzuri baba. La kwanza, futeni hilo grupu au liacheni liwe la mpira na misiba, maana kwenye watu 70 lazima yupo mmoja anayepeleka skrinshoti ofisini. Kazi ya kujenga chama inafanyika kwa mdomo, mtu na mtu, nje ya kazi.

Kuhusu deiwaka, mnatishwa na jina tu. Sheria ya Taasisi za Kazi ya 2004 inasema mtu aliyemfanyia mwajiri mmoja kazi wastani wa saa 45 kwa mwezi kwa miezi mitatu iliyopita anahesabika mwajiriwa mpaka mwajiri athibitishe vinginevyo. Saa 45 kwa mwezi, nyie nafikiri mnazimaliza wiki ya kwanza. Na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa kila mwajiriwa haki ya kujiunga na chama, na kumwachisha mtu kazi kwa sababu ya chama ni kosa moja kwa moja. Ila kuna shimo moja mlijue, kinga ya kuachishwa isivyo haki haimgusi mwenye chini ya miezi sita kwa mwajiri huyo. Kwa hiyo wale wa mwaka wa pili na wa tatu ndo wawe mbele, wale wapya wakae nyuma kwanza, na hilo mkubaliane bila kuonana waoga.

Chukueni daftari. Andikeni majina yote 70, kila jina na shifti yake, anakaa wapi, anasali wapi, anapanda gari gani, anakula kwa mama ntilie gani, nani anamsikiliza. Mtashangaa, anayesikilizwa mara nyingi sio yule anayeongea sana, ni yule anayewakopesha nauli au anayejua kutengeneza mkanda wa mashine ukikatika. Huyo ndo wa kwanza kuongea naye. Usimwambie mambo ya chama ukimkuta tu, muulize kinachomuuma kazini, halafu ufunge mdomo umsikilize, mimi nilikuwa naweza kukaa saa nzima na mtu mmoja nikauliza maswali matatu tu. Mwisho ndo unamuuliza, je wenzako kumi wakisimama na wewe utasimama?

Kuanzisha chama kipya kisheria mnahitaji watu 20, lakini msihangaike na hilo, nendeni TUICO ambao ndo wa viwandani na biashara, wana ofisi za mikoa, waombe fomu ya TUF 6 ambayo mtu anasaini kukubali kukatwa ada. Msipeleke fomu moja moja ofisini kwa mwajiri, zikusanyeni kimyakimya mpaka mvuke nusu ya wafanyakazi, kwa sababu chama kikiwa na wengi ndo kinapata haki ya kutambuliwa kuwa msemaji pekee kwenye majadiliano. Halafu zinapelekwa zote asubuhi moja.

Huyo mwenzenu aliyeachwa awahi CMA, yaani Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Mwisho wa kupeleka malalamiko ya kuachishwa ni siku 30, na watu wengi wanapoteza haki zao hapo hapo kwa kusubiri meneja awapigie simu. Aende na ushahidi wowote wa siku alizofanya kazi, hata meseji za kuitwa shifti, hata miamala ya malipo ya simu. Na nyie wengine mchangieni nauli na unga, maana mkimwacha hivihivi nani atakubali kuwa wa pili?

Kila mwezi nakatwa ada ya chama mwaka wa 14 huu. Katibu namuona Mei Mosi tu, tena na fulana mpya. Nataka kujitoa. Nambie sababu moja ya kubaki. — Nimechoka, Tanga

Ndugu yangu hasira yako ina haki na sitaki kuipoza. Ila kabla hujajitoa dai hesabu. Kwa sheria chama lazima kifanye ukaguzi wa hesabu kila mwaka na mwanachama anaruhusiwa kuziona, kwa hiyo andika barua fupi, wewe na wenzako kadhaa, ombeni ripoti ya ukaguzi ya mwaka jana na tarehe ya uchaguzi wa tawi. Katibu anayekuja Mei Mosi tu anaendelea kuwa katibu kwa sababu siku ya uchaguzi wanakuja watu tisa.

Sababu ya kubaki nitakupa ya Mombasa tena. Januari 1947 wafanyakazi kama 15,000 waliweka vifaa chini siku kumi na mbili, mji ukasimama. Bandari na reli walikuwepo, lakini na mahausiboi waliacha sufuria jikoni, na wa mahoteli, na madobi. Walikuwa wanadai mshahara, na walikuwa wanadai nyumba na bei za vyakula, yaani shida za mtaani kabisa. Chama chao, African Workers' Federation, kilizaliwa ndani ya mgomo wenyewe, kwenye mikutano ya uwanjani. Kiongozi wao Chege Kibachia alikamatwa mwaka huo huo akawekwa kizuizini miaka mingi. Na mwaka huo huo makuli wa Dar nao waligoma, mgomo ukasafiri na reli mpaka bara. Hao hawakuwa na katibu mwenye ofisi, wala fulana. Ukijitoa wewe mwenye miaka 14 na hasira nzuri kama hiyo, anayebaki ni yule anayependa fulana. Gombea wewe.

Sisi ni wafanyakazi wa shamba la miwa. Zahanati ya kata imefungwa miezi minne, wake zetu wanajifungulia njiani. Tunataka kugoma siku moja kuilazimisha serikali iifungue. Mwajiri anasema hilo halimhusu na tukigoma ni utoro. Ni kweli? — Mkata Miwa

Mkigoma kienyeji, ndiyo, anaweza kuwabana, na ndo maana nataka msome hapa taratibu. Sheria yetu inajua migomo ya aina zaidi ya moja. Kuna ule wa kudai kitu kwa mwajiri, ambao una siku 30 za usuluhishi CMA, kura ya wanachama na notisi ya saa 48. Lakini kifungu cha 85 cha Sheria ya Ajira kinaruhusu pia hatua ya kupinga kwa ajili ya maslahi ya kijamii na kiuchumi ya wafanyakazi, na watu wengi hata viongozi wa matawi hawajui kama kipo. Masharti yake: iitishwe na chama kilichosajiliwa au shirikisho, chama kipeleke notisi kwenye baraza la kazi la taifa kueleza sababu, aina ya hatua na itachukua muda gani, zipite siku 30, na itolewe notisi nyingine ya siku 14 kabla ya kuanza. Wa huduma muhimu kama maji, umeme, hospitali na zimamoto hawaruhusiwi kushiriki. Nyie wa miwa mnaruhusiwa.

Kwa hiyo nendeni TPAWU, ndo chama cha mashambani, mbane katibu wa mkoa alibebe. Na hizo siku 30 zitumieni vizuri, msikae mkizihesabu tu. Wamama waliojifungulia njiani waandikwe wote, kijiji, tarehe, umbali waliotembea, kwa ridhaa yao. Walimu wa shule ya hapo muwahusishe, shehe na padri nao, maana zahanati ikifungwa imefungwa kwa wote. Mara nyingi jambo linaisha ndani ya hizo siku 30 kabla hata hamjaacha panga chini, kwa sababu notisi yenyewe inawaamsha waliolala.

Anayewaambia wafanyakazi wasihusike na yasiyo ya mshahara mkumbusheni Durban, Aprili 2008. Meli ya An Yue Jiang ilifika na silaha za kwenda Zimbabwe, wakati kule uchaguzi umevurugika na watu wanapigwa. Wapakuzi wa bandari, memba wa chama cha SATAWU, wakasema hatushushi. Mshahara wao haukuguswa na hilo hata senti. Askofu wa Kianglikana wa pale naye akaenda mahakamani kuzuia mzigo usipite, na meli ikang'oa nanga bila kushusha. Nyie mnadai wake zenu wajifungulie kitandani, mnashindwaje kusema?

Mdogo wangu kakatwa vidole viwili na mashine ya mbao. Bosi kampa laki moja na nusu, anasema WCF wanalipa wale tu waliokatwa mshahara. Kweli? — Kaka Mtu, Mwanza

Sio kweli hata kidogo. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi unachangiwa na mwajiri peke yake, mfanyakazi hakatwi chochote, na akimkata amevunja sheria. Hata kama bosi hajawahi kuchangia, mdogo wako haki yake ipo pale pale, mwajiri ndo atabanwa. Anastahili matibabu, malipo ya siku ambazo hafanyi kazi na malipo ya ulemavu wa kudumu wa hivyo vidole. Taarifa ifike kwenye mfuko ndani ya miezi 12 toka siku ya ajali, lakini asingoje, aende wiki hii ofisi ya WCF Mwanza na karatasi za hospitali, picha za mkono na majina ya walioona. Asisaini karatasi yoyote ya hiyo laki na nusu. Kama keshasaini, aende nayo hivyo hivyo.